Mto wa Q

Kila alasiri Mzee Mwinjuma alivaa kofia yake, akachukua fimbo, akatoka chumbani kumtafuta mwenye nyumba ili amuage. Alikuwa mtu wa adabu tangu ujana wake, na mtu wa adabu haondoki kwa watu kimyakimya. Mlangoni alimkuta Johari amekaa mkekani na ungo wa kamba wakavu mapajani, anachambua vichwa. Johari ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Tena ndiye binti wa mzee, wa kumzaa mwenyewe.

"Mama," mzee akamwambia kwa upole, "mwenye nyumba yupo? Nataka nimuage. Maji yanajaa, na mie kwetu mbali."

Kibiti hakuna maji yanayojaa. Kuna barabara kuu iendayo Kilwa, kuna malori, kuna vumbi, na kuna wasafiri wanaoshuka kwenye mabasi kununua korosho na kamba wa kina Johari. Wiki za mwanzo Johari alimjibu ukweli. Alimshika mikono, akamwambia, baba, mimi Johari, mwanao, na hapa ni kwako. Mzee akamtazama kwa huruma, akasema Johari ni jina zuri sana, Mungu amkuzie. Siku hiyo Johari aliingia uani, akalia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Tangu hapo akawa anajibu jibu moja tu, kwamba mwenye nyumba katoka kidogo, baba akae anywe chai amsubiri. Mzee akakaa, akanywa chai, akasahau kwamba alitaka kuondoka, na kesho yake alasiri akavaa kofia upya.

Kama ni mtu mwingine aliyepotea, watu wangesema uzee, wakaendelea na shughuli zao. Lakini Mwinjuma wa Salale kupotea! Huyu alikuwa rubani wa delta, mwongoza vyombo majini, na Salale ni kijiji humohumo. Mto Rufiji ukikaribia bahari unaacha ustaarabu, unajigawa mito na vijito hata wenyewe haujui upi ni upi, na kote ni mikoko, misinzi na mikomafi na mililana, kulia mikoko na kushoto mikoko, na kila kona inafanana na ile uliyotoka kuipita. Mgeni akiingizwa humo bila mwenyeji, baada ya muda mfupi hajui hata alikoingilia. Mwinjuma aliwapitisha humo wachuuzi wa kamba, wauguzi wenye mabokisi ya chanjo, wakata mikoko, maharusi na maiti, usiku na mchana, maji ya bamvua yanayojaa sana na maji mafu yanayojaa kidogo, na hakuna aliyewahi kulala matopeni kwa ajili yake.

Marubani wa kule wana namna yao ya kufundishana, wanaiita kufunga kona. Mwanafunzi anakaa mbele ya chombo. Wakifika kwenye kona, rubani anapunguza mwendo, na mwanafunzi anatakiwa atamke neno lake, neno lolote atakalo, alimradi liwe la kwake. Mmoja atafunga kwa majina ya samaki, mwingine kwa majina ya wake wa mjomba wake. Neno likishatoka, ndipo rubani anataja habari za kona ile: mti gani wa kushika, tope liko wapi, maji yakiwa namna gani usithubutu. Safari inayofuata hivyohivyo, neno kwanza, habari baadaye, mpaka neno na kona viwe kitu kimoja. Neno la mtu ni siri yake na wanafunzi wake. Rubani akishahitimu halitamki tena kwa sauti, analipitisha moyoni tu.

Kisha siku moja Ridhiwani, mdogo wake Johari, alimkuta baba yao katikati ya kijito, mashine kaizima, pondo la kusukumia kaliweka magotini, ametulia. Alipoulizwa amepatwa na nini, mzee alisema kuna watu wameuhamisha mto. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umewekwa upande mwingine. Ridhiwani akaufunga mtumbwi kwa kamba nyuma ya boti lake, na baada ya kikao cha ndugu, mzee akaletwa Kibiti, karibu na hospitali na mbali na maji. Kila mtu aliona huo ndio uamuzi wa busara. Johari pia aliona hivyo, na hakuna kitu kilichomtesa kama busara hiyo.

Maana mzee alikuwa hasemi. Zaidi ya kuaga kwake kwa alasiri, mtu aliyekuwa akipiga soga kutoka gati la Nyamisati hadi Salale bila kumeza mate sasa alikaa siku nzima anatazama ukuta. Johari alitaka kujua kitu kimoja tu: baba yake bado yumo mle ndani, au kilichobaki ni kofia na fimbo? Usidhani ni swali dogo. Kama yumo, basi anafungiwa mbali na kwao na anajua. Kama hayumo, basi hakuna tena wa kumwita Johari jina lake namna ile alivyoliita yeye, akilivuta mwishoni.

Katika nyumba hiyohiyo aliyekuwa hana shida na maneno ni Nusaiba, binti wa Johari, kidato cha tatu, mdomo mrefu. Shuleni kwao, tangu Nusaiba yuko kidato cha kwanza, Mwalimu Saidy alikuwa ameleta mchezo wa herufi, skrabo, wa kupanga vigae juu ya ubao wa miraba kutengeneza maneno ya Kiingereza. Nusaiba akaugua ugonjwa wa skrabo. Alimweleza mama yake kwamba herufi nyepesi kila mtu anaziweza. Mtu anajulikana kwa zile nzito, Q na Z na X, ambazo zina pointi nyingi lakini zinakwama mkononi. Mwenye kujua vijineno vifupi vyenye herufi hizo ndiye anayeponea. Basi yeye akawa anavikariri akifua, akipika, akisuka nywele: za, zo, zax, xi, xu, qi, qat. Johari, aliyeishia darasa la saba, alimuuliza za ni nini. Nusaiba akasema hajui. Na qat? Akasema nadhani ni majani fulani, lakini maana si muhimu, mama, muhimu linakubalika.

Johari alimtazama mwanawe asimmalize. Nyumba ina mzee aliyepoteza maneno yake yote, na ndani ya nyumba hiyo mtoto anakusanya maneno yasiyo na maana kwa mafungu. Aliona ni kejeli, akamwambia akakaririe uani.

Mashindano ya shule za wilaya yakafanyika Kibiti siku ya Jumamosi. Nusaiba akafika fainali na akataka mama yake awepo. Mama angekuja, lakini mzee aachwe na nani? Akamvalisha kanzu safi, wakaenda wote, wakakaa viti vya nyuma ukumbini, karibu na dirisha. Mzee akaelekeza macho yake kwenye ukuta, kama kawaida yake.

Mpinzani wa Nusaiba alikuwa kijana mmoja mrefu, mtulivu, aitwaye Tamimu, kutoka shule ya upande wa Ngorongo. Mwalimu Saidy ndiye mwamuzi. Ili watazamaji wasisinzie, alikuwa ameweka kanuni kwamba mchezaji akishapanga neno alisome kwa sauti. Mchezo ukaenda taratibu kwa muda, maneno ya kawaida, ya mbwa na nyumba na kukimbia. Kisha Nusaiba akashusha vigae viwili kwenye pembe ya ubao, akasoma kwa lafudhi yake ya Salale, akilivuta neno kidogo: "Kii." Ilikuwa QI.

"Kulia," ikasema sauti kutoka nyuma. "Shika mkomafi mkubwa, uuache kushoto kwako. Chini yake pana tope. Maji mafu usipite."

Ukumbi ukageuka. Watoto wakacheka. Johari akageuka na yeye, kwa sababu sauti hiyo ya rubani aliijua na alikuwa hajaisikia kwa miezi. Baba yake alikuwa amekaa wima, mkono wa kulia umeshika hewa mahali ambapo pangekuwa na usukani wa mashine. Macho yake hayakuwa ukutani tena. Yalikuwa mbali, makali, yanapima kitu.

Johari akamshika bega, akamnong'oneza baba, baba. Mkono wa mzee ukashuka polepole. Mwalimu Saidy akaomba utulivu, akasema wazee wetu tuwavumilie, mchezo uendelee. Tamimu akafikiri, akapanga lake, akasoma: "Za."

"Punguza mashine," mzee akasema. "Fungu la mchanga lipo katikati, hulioni lakini lipo. Pita ulipo mlilana uliolala. Ukisikia maji yanapiga makofi, umekwenda sana."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu aliyemleta Tamimu akasimama. Alisema, kwa adabu, kwamba yeye hana ugomvi na mzee, lakini huyu ni babu wa mchezaji, na kila neno likisomwa anatoa maelekezo ya kulia na kushoto na katikati. Nani ajuaye kama si alama za kumwonyesha mjukuu pa kuweka vigae? Ukweli ni kwamba hata wewe ungekuwepo ungewaza hivyo. Mwalimu Saidy akasimamisha saa, akamtazama Nusaiba.

Nusaiba alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayafuta.

"Mwalimu, si alama," akasema. "Ni kona. Babu alinifundisha mto likizo zote nilizokwenda Salale, na mimi nilikuwa na maneno haya ya kukariri. Nikazifunga kona kwa maneno ya skrabo. Ya X kijito kimoja, ya Z kijito kimoja, ya Q mto wa kwetu. Nikisema neno yeye anataja kona. Sikujua kama bado anayo."

Mwalimu Saidy ni mtu wa Mohoro, na watu wa Mohoro wanaujua mto. Alimwelewa binti upesi kuliko wengine. Alichukua orodha yake ya maneno, akatembea katikati ya viti mpaka mbele ya mzee, akachutama ili nyuso zao zilingane. Kwanza akamsomea neno la kawaida, paka. Mzee akamtazama tu. Akamsomea meza, akamsomea nenda, yote kwa Kiingereza. Mzee kimya, kama mtu anayesubiri mgeni amalize maneno yake. Kisha mwalimu akasoma: "Xi."

Mzee akanyoosha mkono, akasema nyoosha mpaka uone msinzi uliopigwa na radi, hapo kuna mkondo unaotaka kukutupa kushoto, usibishane nao. Mwalimu akaruka kurasa, akasoma zax, na mzee akataja ukingo uliomegeka na kambi ya zamani ya wakata mikoko. Akasoma qat. Akarudia xi, na jibu likaja lilelile, msinzi uleule, radi ileile, mkondo uleule. Mwalimu akasoma vingine, kwa mpango na bila mpango, na mto ukawa unatoka mdomoni mwa yule mzee kipande baada ya kipande, hadi mtu aliyekaa ukumbini Kibiti akaanza kusikia harufu ya tope la mikoko.

Nusaiba, aliyemfuata mwalimu nyuma, akamwambia ajaribu vifupisho. Vifupisho kwenye skrabo havikubaliki, ukiviweka unapoteza zamu yako, na kwa hiyo yeye alivitumia kufunga vile vijito vinavyoingia mikokoni na kufia humohumo. Mwalimu Saidy akafikiri kidogo, akatamka herufi mojamoja: "H, Q."

"Huko hapatoki," mzee akamjibu. "Rudi ulikotoka."

Akajaribu I, Q. Mzee akatikisa kichwa, akasema huko watu walilala siku mbili wakinywa maji ya madafu, rudi. Akajaribu T, Z. Mzee akasema hapatoki.

Mwalimu Saidy akainuka taratibu, akafunga orodha yake. Akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Walimu wa shule zote walikuwa wamesimama, hata yule aliyelalamika, na huyo ndiye aliyekwenda kumletea mzee maji ya kunywa. Watoto, ambao kawaida hawanyamazi hata wakiahidiwa fimbo, walikuwa wanamtazama Mzee Mwinjuma kana kwamba ameingia ukumbini na delta nzima chini ya kanzu. Na ndivyo alivyokuwa ameingia nayo, siku zote hizi za ukutani.

Mchezo ulimalizika baadaye. Nusaiba alishindwa, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa babu, akaacha nafasi ambazo hata anayeanza angeziona. Hakuna aliyemkumbusha.

Johari alirudi nyumbani. Alikuwa na furaha, na juu ya furaha hiyo alikuwa na wivu, na alijua ni wivu. Vijineno visivyo na maana vya mtoto vimemfungua baba yake, na jina lake, alilopewa na baba huyohuyo, limembishia mlango miezi hii yote lisifunguliwe. Alasiri ilipofika mzee akavaa kofia, akaja mlangoni, akauliza mama, mwenye nyumba yupo. Johari hakumpa jibu la chai. Alimwambia, baba, qi. Mzee akasema kulia, shika mkomafi mkubwa. Halafu akasubiri, kama anayengoja kona inayofuata, na ilipokuwa haiji uso wake ukafifia, akauliza tena habari za mwenye nyumba. Hapo Johari akaelewa kwamba mzee akitaka kwenda kwao hababaiki. Njia anayo yote. Kilichokosekana ni mtu wa kumtajia kona.

Alimpigia simu Ridhiwani. Ridhiwani akapinga, akauliza nani atamtazama huko, hospitali je, na kama akiingia kwenye mtumbwi peke yake? Johari akasema atamtazama yeye, mwanawe atakaa kwa shangazi yake amalize shule, na kamba anaowauza barabarani wanatoka hukohuko kwa hiyo hafi njaa. Akasema baba alale nyumbani kwake Salale. Ridhiwani alimjua dada yake akisema kwa sauti hiyo, akauliza aje na boti lini.

Jioni zile zilizobaki, kazi ikageuka: binti akawa mwalimu na mama mwanafunzi. Walikaa uani, Nusaiba akitaja kwa mpangilio, kutoka Nyamisati kuingia ndani, kijito cha X kwanza, kisha cha Z, kisha mto wa kwao. Johari alivihangaikia vya mwanzo. Ulimi ulikataa, kichwa kilikataa, na Nusaiba, ambaye kwa mdomo wake mrefu hakujaliwa subira, alimkemea mama yake mpaka akakumbushwa nani mkubwa. Walipofika kwenye Q, binti akasoma: qadi. Johari akainua macho. Binti akaendelea, faqir. Akaendelea, talaq, waqf.

"Hebu ngoja," Johari akasema. "Haya si yetu? Kadhi. Fakiri. Talaka. Wakfu."

Nusaiba akacheka, akasema ndiyo, karibu yote ya Q isiyofuatwa na U Waingereza waliyaokota kwa Waarabu na wengine, na ndiyo maana alipoyaona kwenye orodha aliyapenda akayaweka kwenye mto wa nyumbani. Johari alibaki ameshika ungo. Maneno aliyoyasikia tangu utotoni kwenye nikaha na kwenye mirathi, kumbe yamevuka bahari, yamekaa kwenye vitabu vya Wazungu, yamechongwa kwenye vigae vya plastiki, na yamerudi Salale ndani ya kinywa cha mwanawe, yakafungwa kwenye kona za babu yake. Usiku huo aliyakariri yote bila kukosea.

Siku ya safari Ridhiwani alishika mashine, mzee akakaa mbele, Johari nyuma yake. Nusaiba alibaki nchi kavu, gatini Nyamisati, na sare zake za shule, na alipoona boti linaondoka alitaja neno la kwanza kwa kelele, mama asije akalisahau. Johari hakulisahau. Lilipofika mahali pake akalisema, xi, kwa aibu, kama mtu anayesoma mbele ya wakaguzi. Mzee akanyoosha mkono akataja msinzi uliopigwa na radi. Johari akatazama, na msinzi ulikuwepo, mweusi, umepasuka toka juu, nao mkondo ukalivuta boti kushoto kama alivyosema. Alikuwa amekulia kwenye maji haya na hakuwahi kuuona mti ule.

Wakaendelea hivyo. Neno, habari. Neno, habari. Kijito cha X kikaisha, cha Z kikaisha, na sauti ya mzee ikawa inapata nguvu kadiri walivyoingia ndani. Ridhiwani, aliyekuja na uso wa mtu aliyelazimishwa, akaanza kupunguza mashine kabla hajaambiwa ili asikie vizuri. Alisema kuna mambo baba anayataja hapa hata yeye hakuwahi kufundishwa. Kwenye kona ya "za", mzee alisimama kabisa, akatazama mlilana uliolala, akaamkia, sijui anaamkia mti au anamwamkia mtu aliyemkumbuka pale. Johari hakuthubutu kumgusa. Alikuwa na hisia kwamba anashuhudia kitu ambacho si haki yake kukikatiza.

Kwenye mto wa Q maneno yakatoka yenyewe. Fakiri, talaka, wakfu. Johari aliyasema kwa namna ya Nusaiba na baba yake akayajibu. Kwenye kadhi mzee akasema mahali pa kina, pumzika, umekaribia. Na kadhi ndilo lilikuwa la mwisho. Mbele kulikuwa na mdomo mmoja tu wa kijito, na Nusaiba hakuufunga kwa neno lolote kwa sababu, alisema, pale mapaa ya Salale yanaonekana, anayepotea pale amejitakia. Orodha yake ilikuwa imekwisha.

Boti likakaribia mdomo ule. Johari akaanza kuogopa kwamba sasa uso utafifia na maswali ya mwenye nyumba yatarudi hapahapa, mita chache kutoka kwao. Ndipo mzee akasema:

"Johari."

Alilivuta mwishoni. Mwili wote wa Johari ukaitika kabla ya mdomo. "Abee, baba," akasema, akainuka nusu.

Mzee hakugeuka. Alikuwa anatazama kona. Mkono wake wa kushoto uliinuka ukalala hewani, ukalielekeza boti. "Kushoto," akasema. "Taratibu, mkoko wa kulia una mizizi mirefu. Bamvua au maji mafu hapa panapitika, usiku na mchana. Hapa ni nyumbani."

Ridhiwani akazima mashine. Ndugu hao wawili wakatazamana. Kila mtu Salale anajua kwamba mdomo ule haukuwepo zamani. Mto uliuchimba mwaka wa mafuriko makubwa, wiki aliyozaliwa Johari, na bibi zake walikuwa wakimtania kwamba yeye na kona ni mapacha. Lakini rubani ameufunga kwa neno gani, hilo hakuna aliyewahi kuulizia. Miaka yote hiyo, kila aliporudi na wachuuzi au wauguzi au maiti, mbele ya watu wasiojua, baba yake alilipitisha jina lake moyoni ili afike kwake.

Johari alikaa. Machozi yalimshuka akayaacha. Hakuweza kusema kama baba amemkumbuka au ameikumbuka kona, na akagundua kwamba hataki tena kuuliza.

Boti likaelea lenyewe kuingia kijitoni. Mzee sasa ndiyo akageuka nyuma, amechangamka, rubani aliyefikisha watu salama, na akamwona mwanamke anayelia. Akamtazama kwa adabu yake yote.

"Na wewe, mama," akamuuliza, "unashukia wapi?"

"Nashukia Johari," akasema Johari.

Mzee akatabasamu, akampa mkono ainuke. "Basi umefika," akamwambia.